Jiko Lisilo na Moshi

Mdogo wangu Upendo amenitumia picha mbili kwenye simu na anataka nimchagulie. Anaishi Njombe, ambako kazi ilimpeleka na ndoa ikambakisha, na baridi ya kule ikianza mwezi wa sita haina mzaha. Picha ya kwanza ni jiko la chuma la kuni, zito, lenye mlango wa kufunga na bomba refu la kutolea moshi juu ya paa. Ya pili ni jiko la mkaa la kisasa, dogo, limepakwa rangi ya kijani, lina mikono ya mbao ili ulitoe sebuleni ulipeleke chumbani kwa mama yetu. Chini ya hilo la pili ameandika: "Dada, hili halina moshi kabisa, na fundi hatatoboa paa. Naona ndilo salama."

Nilikuwa nimekaa dukani, katikati ya mabegi ya safari yaliyoning'inia kila upande. Kariakoo yote hunuka plastiki mpya na maboksi yaliyolowa, lakini niliposoma maneno yale nikanusa mkaa uliokolea moto. Nikanusa na mtori. Nikanusa hata blanketi langu la utotoni, lile la buluu lenye picha ya tembo, ambalo sijui liliishia wapi. Nikaiweka simu juu ya kaunta na mteja akaniuliza bei ya begi mpaka akachoka, akaenda duka la jirani.

Niseme mapema kwamba nina wivu na Upendo. Sisemi nilikuwa nao, ninao. Nyie wa rika langu mliozaliwa wa kwanza mtanielewa. Unakaa miaka yako, unabebwa, unapakuliwa wa kwanza, unalala katikati ya baba na mama, halafu analetwa mtu asiye na hata jino moja na nyumba nzima inaambiwa ishushe sauti kwa ajili yake.

Wakati huo tulipanga chumba na sebule kwa Bi Zuhura, Kariakoo hii hii, upande wa kuelekea Mchafukoge. Ilikuwa nyumba ya zamani yenye korido ndefu katikati, vyumba huku na huku, na uani wa kupikia kwa nyuma. Siku hizi pale limesimama ghorofa la maduka na ukiuliza Bi Zuhura ni nani hakuna anayemjua. Baba alikuwa anauza mabegi, kama ninavyouza mimi sasa, na mzigo uliozidi dukani ulilala sebuleni kwetu. Upendo alipozaliwa nilitolewa kitandani kwa mama nikahamishiwa kwenye kochi, nikawa nalala katikati ya mabegi kama abiria aliyeachwa na basi.

Ilikuwa masika. Mvua ilinyesha ikasahau kuacha, mtaa ukajaa maji meusi, wasukuma mikokoteni wakawa wanapita wamekunja suruali hadi magotini. Chumba cha mama kilikuwa na unyevu hadi ukutani. Baba akatuma ujumbe Kilimanjaro, kwa mama yake, kwa sababu mama yangu alitoka kusini na mama yake wa kumzaa alikuwa amekwisha kufariki. Bibi akaja.

Sasa, huyo bibi ndiye niliyerithi jina lake. Mimi ni Haika na yeye ni Haika, na kila tulipoonana aliniita wajina. Nilipoambiwa bibi anakuja, mimi nilijua anakuja kwa sababu yangu. Nilifikiri amesikia kule mlimani kwamba wajina wake analala kwenye kochi, amekasirika, anakuja kurekebisha mambo. Nilivaa gauni langu la sikukuu nikamngoja barazani. Akashuka na mkungu wa ndizi, kibuyu cha maziwa na furushi la vitenge, akanishika kichwa, akasema, "Wajina wangu, umekua," kisha akapita. Neno lililofuata lilikuwa, "Mzazi yuko wapi?"

Nilibaki pale barazani na gauni langu hadi mvua iliponirudisha ndani.

Kwao bibi, mwanamke aliyejifungua haguswi na kazi wala baridi. Anafungiwa ndani, ananyweshwa mtori na maziwa, anaota moto hadi anenepe mashavu. Bi Zuhura naye, ambaye alikuwa mtu wa Lindi na ndiye aliyejifanya upande wa mama yangu, kwao vilevile mzazi hukandwa kwa maji ya moto na hafikiwi na upepo. Wanawake hawa wawili hawakupatana juu ya chumvi wala juu ya namna ya kumfunga mtoto mgongoni, lakini juu ya joto walipatana siku ile ile ya kwanza. Kazi ilikuwa kuchagua moto gani.

Bibi alitaka kuni. Alisema katika nyumba aliyozaliwa, ile ya nyasi, moto ulikaa katikati usiku na mchana, ng'ombe upande mmoja na watu upande wa pili, na hakuna mzazi aliyewahi kuugua mgongo. Bi Zuhura akamwambia kwa upole kwamba dari yake imepakwa chokaa juzi tu, na moshi wa kuni utaipaka masizi. Baba akaogopa chandarua kisije kikashika moto. Wakajadiliana kwenye korido jioni nzima, na nikiwa nimekaa juu ya begi langu nilisikia kila kitu, na sikusikia mahali popote mtu akiuliza kama mimi kwenye kochi naona baridi.

Wakaafikiana mkaa. Na kwa kweli hawakuwa wazembe. Hilo nataka lijulikane. Bi Zuhura alitoa jiko lake mwenyewe. Mkaa uliwashwa uani, ukapepewa mpaka ukawa mwekundu wote na hakuna hata uzi wa moshi, ndipo likaingizwa ndani. Baba alileta sinia la bati akalijaza mchanga ili sakafu isiungue. Chandarua kilikunjwa kikafungwa juu. Jiko likakaa mbali na kitanda. Waliogopa ndimi za moto na waliogopa moshi, na vyote viwili wakavidhibiti. Bibi aliinama juu ya jiko akanusa, akasema, "Moto huu ni safi." Kisha wakaanza kuziba.

Dirisha la mbao lilifungwa likapigwa kitenge juu yake. Tundu la hewa lililokuwa karibu na dari likasokomezwa gazeti. Ikabaki nafasi chini ya mlango, ambayo upepo wa korido ulikuwa unapitia. Bibi akatazama huku na huku, akaona blanketi langu kwenye kochi, akalikunja mara mbili akalishindilia pale chini. Likaenea kabisa, toka mwimo hadi mwimo. Akafurahi sana kwa jinsi lilivyoenea.

Nilimwambia lile ni langu. Akanijibu kwamba mkubwa humpisha mdogo. Mimi wakati huo nilikuwa sijaanza hata darasa la kwanza na nilikuwa sijui kama ni mkubwa. Nilichojua ni kwamba kile chumba kilikuwa kimemeza mama, kikameza bibi, sasa kimemeza na blanketi.

Siku zikawa hivyo. Jiko likiingia asubuhi na mchana, mlango unafunguliwa kidogo, anaingia mtu na bakuli, anatoka mtu na nepi. Kila ulipofunguliwa, joto lilinipiga usoni, joto zuri lenye harufu ya ubani na maziwa, halafu mlango ukafungwa. Mimi nilijifunza kuchukia sauti ya ule mlango. Niliamini kwamba moto ule ulikuwa ni sherehe ya Upendo, na kwamba kadiri walivyoongeza mkaa ndivyo walivyompenda. Nikawa namwangalia bibi akihesabu vipande vya mkaa kwenye jiko, nikijua vyote ni vya yule mtoto. Jirani mmoja wa chumba cha mbele alinitania, akasema nijiandae, mama sasa ataitwa Mama Upendo, mimi nitafute mama mwingine. Nyumba nzima walikuwa wanamwita Mama Haika. Nililia hadi nikapata kwikwi, na yeye akacheka, akanipa kipande cha muwa.

Mama alianza kulalamika kichwa. Bibi akasema ni uchovu wa kujifungua. Alikuwa analala sana mchana, na Upendo analala sana, na wote waliokuja kutazama wakamsifu mtoto kwa utulivu. Kuhusu mimi wakasema nilikuwa mlizi. Hata hilo nililiweka moyoni.

Mchana wa tukio, mvua ilikuwa inapiga mabati hadi watu wanaongea kwa kupaza sauti. Baba alikuwa dukani. Bibi na Bi Zuhura walikuwa uani chini ya kibanda, bibi akiponda ndizi za mtori, mwenzake akichemsha maji ya kumkanda mama. Mimi nilikwenda kwenye mlango nikabandika sikio. Kwa kawaida ningesikia mama akimwimbia Upendo kwa sauti ya chini, nyimbo ambazo zilikuwa zangu. Siku hiyo sikusikia kitu. Nikawaza wamelala pamoja, wawili tu, kwenye joto lao, na mimi miguu yangu ni ya baridi. Wivu ulinipanda hadi masikio yakawaka.

Nikaamua kuchukua blanketi langu.

Nilipiga magoti nikalivuta. Halikuja lote, nusu likakwama chini ya mlango. Nikasukuma mlango, nikavuta tena, likajikunja kwenye kizingiti likakaa hapo. Mlango ukabaki wazi kiasi cha mtoto kupita. Ndani palikuwa na giza jekundu na joto zito. Mama alikuwa ameegemea mto, mdomo wazi kidogo. Upendo alikuwa kifuani pake, mashavu mekundu, hatikisiki. Nilisimama nikingoja kufukuzwa. Mama alifumbua macho nusu, akaniangalia kama anayeangalia mtu wa mbali.

"Haika," alisema. "Njoo. Kichwa."

Mimi nilisikia neno moja tu, njoo. Nikasahau blanketi. Nikapanda kitandani kwa viatu, nikajipenyeza nyuma ya mgongo wake, nikamkumbatia, na hakuniambia nishuke, hakuniambia namsumbua mtoto. Hata Upendo hakulia kunilalamikia. Nikafikiri wamekubali. Nikafikiri hatimaye wameona kosa lao. Sikumbuki kama niliwahi kuwa na furaha kiasi kile tena katika maisha yangu, nikiwa nimelala katikati ya kile ambacho baadaye niliambiwa kilikuwa kinatuua.

Baada ya muda kichwa kikaanza kunigonga na tumbo kuchafuka. Sikusema. Nilijua nikisema naumwa watanitoa.

Bibi ndiye aliyekuja na bakuli la mtori. Aliona blanketi kizingitini na mlango uko wazi, akaanza kugomba toka koridoni kwamba nani ameingiza upepo. Akafika kitandani bado anagomba, akamgusa mama bega. "Mama Haika," akasema. Kisha kwa sauti nyingine, "Mama Haika, amka." Bakuli likaanguka. Nilimwona bibi yangu, mwanamke mzito wa umri ule, akilishika jiko kwa kitenge chake akakimbia nalo kupitia korido hadi uani, likatoa sauti ya kuungua ndani ya mvua. Akarudi akang'oa kitenge cha dirishani, akazipiga zile mbao kwa ngumi hadi zikafunguka. Bi Zuhura akambeba Upendo akamtoa barazani kwenye hewa. Wapangaji wakajaa. Mama alibebwa na wanaume wawili, akatapika njiani, na kila mtu akasema kutapika ni vizuri.

Upendo alichelewa kulia. Walimpapasa, wakampuliza, wakamgeuza. Halafu akalia, na korido yote ikalia naye. Walimpokezana mikono kwa mikono, huyu anambusu, huyu anamshukuru Mungu. Mimi nilikuwa nimejikokota hadi sebuleni ukuta kwa ukuta. Nikafungua begi jipya la baba, lile lenye magurudumu, nikatapika ndani yake, nikalala pembeni nikiwasikiliza wakimfurahia.

Ni bibi aliyeuliza. Katika zile kelele zote akauliza, "Mlango nani alifungua?" Akalitazama blanketi pale kizingitini. Akaja sebuleni, akasogeza mabegi, akanikuta.

"Wajina," alisema, "ulikuwa humo ndani?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Unaumwa wapi?"

Tangu ashuke na mkungu wake wa ndizi, hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nikamwonyesha kichwa, nikamwonyesha tumbo, nikamwonyesha na miguu, ambayo haikuwa inauma. Akaninyanyua, akanibeba mgongoni kwa kitenge kama kichanga, ingawa miguu yangu ilining'inia hadi magotini pake, na hakunishusha mpaka tulipopanda teksi ya kwenda hospitali.

Pale tuliwekewa hewa safi ya kupumua, kila mtu na barakoa yake. Yangu ilikuwa kubwa kuliko ya Upendo. Hilo nililitazama vizuri. Baba alikuja mbio, amelowa, hana hata viatu vyote viwili. Muuguzi mmoja alimweleza yeye na bibi kwamba mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichozibwa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana na isiyonuka. Moshi wa kuni nao una sumu hiyo, akasema, lakini moshi ungewakohoza, mngekimbia. Mkaa unakulaza kwanza. Akauliza mlango ulikuwa wazi kwa muda gani. Bibi akasema hajui, mtoto aliufungua. Yule muuguzi akanitazama, akasema tu, "Basi ndiyo maana mko hai."

Tuliporudi nyumbani bibi alikaa kwenye kigoda uani, mikono juu ya mapaja. Bi Zuhura akamletea chai. Akaishika bila kunywa.

"Nyumba yetu ya nyasi ilikuwa inapumua," akamwambia. "Moshi unapita kwenye nyasi, hewa inaingia. Mimi nimeleta moto nikasahau kuileta nyumba."

Bi Zuhura akasema yeye ndiye aliyetoa jiko, basi wamekosea pamoja. Wakagawana chai ile, wanawake wawili ambao hawakupatana hata juu ya chumvi.

Tangu hapo jiko halikuvuka tena kizingiti. Gazeti likatolewa kwenye tundu la hewa, dirisha likaachwa wazi upande, na mama akawa anakandwa kwa maji ya moto na kuvalishwa soksi za baba. Lakini mvua haikuisha, na Bi Zuhura akauliza mgongo wa mzazi utapata joto wapi. Bibi akatazama uani pote. Macho yake yakanifikia nikiwa nalamba sufuria ya mtori.

"Si yupo wajina wangu," akasema. "Huyu ana joto la kutosha, na hana sumu."

Akanishika mkono, akaniingiza chumbani, akanipandisha kitandani nyuma ya mama, akatufunika na blanketi langu la tembo, lililofuliwa. Akaniambia hiyo ndiyo kazi yangu hadi uzazi uishe, na nisilale ovyo nikauacha mgongo. Niliifanya kwa bidii. Nilibandika shavu langu kwenye mfupa wa bega la mama nikahisi akipumua, na kila akigeuka nilimfuata. Sitasema nilitosheka. Upendo alikuwa mbele, anapata uso, anapata maziwa, anapata nyimbo. Mimi nilipata mgongo. Lakini mgongo ulikuwa wote wangu.

Sasa baba hayupo, na mama amekwenda kuishi kwa Upendo kwa sababu kuna wajukuu wadogo. Kule Njombe majirani wanamwita Mama Upendo. Nilisikia siku moja kwenye simu, mtu anabisha hodi nje, "Mama Upendo, upo?" na mama yangu akaitikia bila kusita. Nilikata simu nikasingizia mtandao.

Leo nimempigia Upendo. Nimemwambia lile la kijani asilinunue, na kama ameshalinunua alirudishe. Achukue la bomba, fundi atoboe paa, na bomba lipite juu kabisa lisiishie darini. Mlango wa jiko ufunge vizuri. Dirisha la chumba cha mama lisizibwe hata baridi iweje, na mkaa usilale ndani. Akacheka, akasema nauliza habari za bomba kuliko habari zake. Nikamwambia ampe mama simu.

Mama alizungumza habari za mahindi, za wajukuu, za jirani mwenye mbwa. Nikamuuliza kama anapata joto. Akasema blanketi zipo tele, soksi zipo, Upendo anamjali sana, hana shida. Nikaumia kidogo aliposema hivyo. Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini ili asisikike kule, "Ila mgongo. Mgongo ndio haujapata joto tangu nije huku."

Upendo aliporudi kwenye simu akaniambia fundi wa paa hapatikani mpaka wiki ijayo, akauliza mama atafanyaje kwa sasa. Nilikuwa nimekwisha kuliangua begi moja lenye magurudumu kutoka kwenye ndoano.

Nikamwambia asimpelekee jiko lolote chumbani, anisubiri mimi. Mgongo ule una mwenyewe.